Wakili Aliyenijua

Mara ya mwisho niliwaacha nimesimama jikoni, kisu cha vitunguu mkononi, na dada mmoja wa benki akiniambia kwenye simu kwamba wakili wetu si wakili wetu tena.

Wapo waliolishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, kwa hiyo nirudi nyuma kidogo. Sitaki mtu anihurumie kabla hajajua nilichofanya.

Naitwa Janine Lumb. Napika chakula cha mchana katika shule ya msingi hapa mjini Keighley. Mwaka wa kumi na tatu huu naishi na Russell Tordoff, fundi wa madirisha, mwanamume asiyeweza kununa siku mbili mfululizo. Mji mzima unaniita mke wake. Si mke wake. Ameniomba tuoane mara tatu, na mara zote tatu nimemwambia karatasi haileti mapenzi. Akacheka, akaniacha.

Ukweli ni kwamba siwezi kuolewa naye kwa sababu nina mume mwingine.

Anaitwa Trevor Stead. Tulioana nikiwa na miaka ishirini, tukakaa miezi kumi na moja, akaenda kufanya kazi kwenye visima vya mafuta huko baharini kaskazini na hakurudi. Nilikwenda kwa wakili nikaanzisha talaka. Karatasi zilipokuja nisaini, Trevor alinipigia simu akilia kama mtoto, nikaona huruma, nikazitia kwenye droo. Zikakaa humo.

Siku niliyokutana na Russell aliniuliza kama nimewahi kuolewa. Nikasema hapana. Nilisema hivyo kwa sababu alikuwa anachekesha na nilitaka aendelee kukaa pale. Nikajiambia nitamrekebishia wiki ijayo.

Na yule wakili wa talaka ni Bwana Haigh, ofisi yake iko juu ya duka la mikate, barabara kuu.

Sasa mtaelewa kwa nini niliogopa mwenye nyumba alipotuandikia kwamba anauza nyumba tuliyopanga, tuhame kabla ya mwisho wa Machi. Tukapata nyumba ya Bi Enid Sugden, ajuza wa miaka themanini na mbili anayehamia karibu na binti yake. Benki ilikubali kutukopesha. Baba yake Russell, mzee Wilf, alitusaidia hela ya kianzio, ile unayoitoa mwenyewe kabla ya mkopo. Kilichobaki kilikuwa kuchagua wakili wa kuhamisha umiliki.

"Haigh," alisema mzee Wilf siku ile mezani. "Kuna kuchagua gani hapo? Ndiye aliyeandika wosia wa mama yenu. Nyumba yangu alinifanyia yeye."

Nami, uma mkononi, nikajibu, "Baba, Bwana Haigh amezeeka. Nasikia anasahau. Juzi kampa mtu hati ya jirani yake."

Nilibuni palepale, kati ya kiazi na kiazi. Mzee Wilf akaibeba habari mpaka klabuni kwake, kwenye domino. Wiki haikuisha, kila mtu Keighley akawa anajua kwamba Haigh kichwa hakiko sawa.

Nikachukua mawakili wa simu aliotuletea dalali, kijana mmoja wa viatu vya ncha anayeitwa Kieran. "Hawa wa kwetu wako poa, dada Janine," aliniambia. "Kila kitu kwa simu na barua pepe. Hutaona sura ya mtu yeyote." Nilijua anapewa chochote kwa kila mteja anayempeleka huko. Sikujali. Kutoonwa sura ndiko nilikokuwa nakutafuta.

Fomu yao ilipouliza kama nimeolewa, nikaandika sijaolewa. Ya benki nilikwishaijaza hivyohivyo.

Wiki tisa zikapita. Kila nikipiga simu napokelewa na mtu mpya ananiuliza jina la mtaa. Kisha ndiyo ikaja ile simu ya benki.

"Wale mawakili wenu tumewatoa kwenye orodha yetu," dada wa benki akasema. "Hela ya mkopo hatuwezi kuituma kwa wakili ambaye hayumo kwenye orodha ya benki."

"Kwa nini mmewatoa?"

"Hilo siruhusiwi kulieleza. Chagua mwingine, mama, jalada lako lihamishiwe kwake."

"Nani?"

"Ngoja nitazame hapo kwenu." Nikasikia vidole vyake kwenye kompyuta. "Bradford wapo, lakini hawapokei wateja mpaka Aprili. Skipton vilevile. Hapo mjini kwenu yupo mmoja tu anayeweza kuanza sasa. Haigh na Binti."

Nikavuta kiti.

"Hakuna mwingine kabisa?"

"Mama, unataka nyumba au hutaki?"

Ningeweza kukata simu na kutunga jambo. Natunga vizuri, mmeshaona. Lakini nilikuwa nimeiweka spika ili nikate vitunguu, na Russell alikuwa amesimama mlangoni na taulo shingoni, anatabasamu.

"Haigh!" akasema. "Tungeanza naye tangu mwanzo, ungeshapika kwenye jiko la Bi Enid sasa hivi."

"Lakini Russell, anasahau."

"Tutamkumbusha."

Akanibusu utosini, akaenda kumpigia baba yake. Nilimsikia mzee Wilf kutoka sebuleni, maana anapoongea na simu anapiga kelele kama anaita mtu ng'ambo ya bonde. "Nilisema! Si nilisema? Ila mwambie Haigh yale ya klabuni mimi simo. Mimi nilisikia tu."

Kesho yake Kieran naye akapiga, safari hii hana utani.

"Dada, mnyororo huu una nyumba nne. Nyinyi mnaingia kwa Bi Enid, Bi Enid anaingia kwa watu wengine, nao wanaingia kwa watu wengine. Wote wanahama Ijumaa ya tarehe ishirini na nane. Mkiteleza nyinyi, wanaanguka wote. Yule bibi ameshafunga vyombo vyake kwenye maboksi, anakulia sahani za karatasi."

"Najua, Kieran."

"Kwa hiyo mwende. Mkasaini."

Tukaenda Alhamisi, saa nne asubuhi.

Njia nzima nilikuwa naomba kwamba ule uongo wangu uwe kweli. Fikirini. Niliomba mzee wa watu awe amepotewa na akili kweli, ili mimi nipate nyumba.

Bwana Haigh alitupokea mwenyewe. Mwembamba kuliko zamani, kifaa cha kusikilizia kwenye kila sikio, sweta ndani ya koti. Akampa mkono Russell. Akanipa mimi, na macho yake yakakaa usoni kwangu muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa.

"Karibuni mkae."

"Ulimwandikia mama yangu wosia," Russell akaanza kwa sauti kubwa, taratibu, kama unavyoongea na mgonjwa. "Bi Dorothy Tordoff. Sijui kama unamkumbuka."

"Hakuna haja ya kupaza sauti, Bwana Tordoff, hivi vifaa ni vipya. Mama yako alitaka saa ya ukutani iende kwa dada yake wa Otley. Kisha wakagombana, akaja tuifute. Kisha wakapatana, akaja tuirudishe. Ilikuwa mwaka wa ile theluji kubwa, na alikuja na kofia ya kijani."

Russell akanigeukia, nyusi juu. "Huyu hasahau kitu," akaninong'oneza.

Nikajikaza kisabuni. Nikatabasamu.

Bwana Haigh akalifungua jalada letu. Akasoma polepole, akilowesha kidole kila anapofungua ukurasa. Alipofika kwenye nakala ya maombi ya mkopo, kidole kikasimama. Kutoka nilipokaa nilipaona pale. Janine Lumb. Hajaolewa.

Hakuinua kichwa.

"Bwana Tordoff, umeegesha gari wapi?"

"Hapo chini, mbele ya duka la mikate."

"Pale wanaandika faini baada ya dakika ishirini, na sisi tutachelewa. Kalipie kwenye mashine."

Russell akainuka, mtiifu kama kawaida yake. Mlango ukafungwa. Nikasikia viatu vyake vikishuka ngazi.

"Bi Stead," akasema Bwana Haigh.

"Ni Lumb."

"Trevor amefariki?"

"Hapana. Sidhani."

"Zile karatasi ulisaini?"

Nikatikisa kichwa. "Ulinipigia mara nne, Bwana Haigh. Unajua sikusaini."

"Sikujua kama ulikwenda kwa wakili mwingine baadaye. Nilitumaini hivyo." Akauelekezea mlango kidevu. "Yeye anajua?"

Nikautazama mlango. Akaelewa.

Hapa ndipo ninapoona aibu hata ya kuandika, na nimeandika mengi katika safu hii. Ningeweza kulia. Ningeweza kuomba ushauri, na mtu wa kunishauri alikuwa amekaa mbele yangu. Badala yake niliinama juu ya meza yake nikamwambia, "Si watu wanasema unasahau? Basi sahau."

Akanitazama. Akavua miwani yake, akaishika.

"Nimesikia kwamba wanasema hivyo," akasema. "Wateja watatu wamekuja kuchukua majalada yao mwezi huu. Binti yangu alinipeleka kwa daktari nikapimwe. Nikaulizwa leo ni siku gani, na nichore saa." Akaifuta miwani kwa ncha ya sweta. "Sikuwa najua ilianzia wapi."

Nikatazama zulia.

"Kumbe ni wewe."

"Bwana Haigh, nisamehe, nili..."

"Hatuna muda wa hilo. Nisikilize. Ulichoniambia ukiwa mteja wangu ni siri yako. Simwambii mtu, hata huyu. Lakini nikiichukua kazi hii, yeye naye anakuwa mteja wangu, na benki inakuwa mteja wangu. Siwezi kuwaacha watie saini juu ya jambo ninalojua si kweli. Kusema siwezi, na kunyamaza siwezi. Kwa hiyo nitakataa."

"Ukikataa tunakosa nyumba. Tarehe ishirini na nane tuko barabarani."

"Basi mwambie."

"Ataondoka."

"Huenda. Lakini ukimwambia, tunaiandikia benki leo, tunasahihisha fomu, na talaka tunaianza upya. Watu walioachana bila talaka wananunua nyumba kila siku, Bi Lumb. Naweza kuwaingiza kwenye nyumba hiyo. Nakuhakikishia nitajitahidi. Ila nisikie ukimwambia."

Viatu vikaanza kupanda ngazi.

"Una muda mpaka afike hapa juu," akasema, akavaa miwani.

Russell akaingia anahema, na mfuko wa karatasi mkononi. "Nimelipia saa mbili nzima," akasema. "Na nimepita dukani nikachukua keki. Tatu. Moja yako, mzee."

Akamwekea Bwana Haigh keki yake juu ya leso ya karatasi, kwa adabu. Mimi nikafungua mdomo.

"Russell."

"Naam, mpenzi."

Alikuwa ananitazama na chembe za sukari kwenye kidevu. Miaka kumi na mitatu. Neno lilikuwa limefika kwenye meno.

"Walikupa chenji?" nikamuuliza.

"Mashine hairudishi chenji," akasema, na akakaa.

Bwana Haigh akalifunga jalada.

"Bwana Tordoff, nasikitika. Siwezi kuwafanyia kazi hii."

Russell akacheka, akidhani ni utani wa wazee. Kisha akaona kwamba hamna mwingine anayecheka.

"Kwa nini?"

"Sababu siwezi kuieleza."

"Bei? Tutaongeza."

"Siyo bei."

"Ni yale ya klabuni, siyo? Mzee, baba yangu ni mdomo tu, hana nia mbaya. Atakuja kukuomba radhi mwenyewe."

"Siyo hayo."

"Basi sema!"

"Siruhusiwi kusema."

Sikuwahi kumwona Russell akimpandishia mtu mzima sauti. Siku ile nilimwona. Alisimama mpaka kiti kikaanguka nyuma yake.

"Nina wiki tatu! Kuna bibi wa miaka themanini na mbili anakulia sahani za karatasi kwa sababu anatusubiri sisi! Mwanamke huyu hapa ana miezi mingi hapati usingizi kwa ajili ya nyumba hii, na wewe unanipa mafumbo? Basi walisema kweli. Umechanganyikiwa. Wangekufungia ofisi hii mapema!"

Uso wa Bwana Haigh uliiva wekundu mpaka masikioni, akavumilia. Wala hakuwa anamtazama Russell. Alikuwa ananitazama mimi.

Nami nilimwacha atukanwe. Nilikaa pale na keki yangu mapajani, nikamwacha mzee wa watu atukanwe kwa uongo wangu mwenyewe, na yule mtukanaji alikuwa ananitetea mimi.

Kisha Russell akakiinua kiti taratibu. Akakaa. Rangi ilikuwa imemtoka.

"Ni mimi," akasema.

"Nini?" nikauliza.

"Sababu. Ameijua. Sijui ameijuaje, lakini ameijua." Akanigeukia. "Janine, ni ile barua ya baba. Ile aliyoiandikia benki kwamba hela ya kianzio ni zawadi, hana dai lolote kwenye nyumba wala hatakaa humo. Siyo kweli. Nimemwahidi chumba cha nyuma. Tumeandikiana, mimi na yeye, kwamba anahamia kwetu wakati wa kiangazi, mpaka mwisho wa maisha yake. Ngazi za kwake zimemshinda. Na wewe uliwahi kusema huwezi kuishi na mzee wangu hata wiki. Nikaona nitakuambia tukishaingia."

Machozi yakaanza kumtoka, hakuyafuta.

"Nimeidanganya benki. Na wewe nimekudanganya miezi minne. Miezi minne, Janine! Nakaa mezani nakula chakula chako, nakutazama usoni, na ninajua. Sijui mtu anawezaje kuishi hivyo."

Ndugu zangu mnaonisoma, mimi najua anawezaje.

Pale ndipo mahali pangu pa kusema. Mwanamume ameshajivua nguo mbele ya mgeni, amenionyesha jinsi inavyofanywa. Nilichotakiwa ni maneno manne. Nilikuwa nayo.

Lakini nilichokiona mimi ni mwanya. Akibaki yeye kuwa sababu, tutatoka hapa, tutatafuta wakili wa mji mwingine, barua itaandikwa upya, na Trevor Stead atabaki kwenye droo yake. Nikatambaa kwa tumbo kwenye ule mwanya.

Nikamshika mkono.

"Basi, mpenzi," nikasema. "Nimekusamehe."

Akaubusu mkono wangu. Akaweka paji la uso juu yake. "Sistahili mwanamke kama wewe," akasema.

Nami, Mungu anisamehe kama ana nafasi, nikampapasa nywele.

"Yamekwisha," nikamwambia. "Baba atakuja kukaa nasi. Hakuna neno."

Kisha nikainua macho, nikamtazama Bwana Haigh bila haya yoyote. "Basi, Bwana Haigh, sababu tumeshaijua. Tunakushukuru kwa muda wako." Nilikuwa namwomba aitikie kwa kichwa tu. Mara moja. Tungechukua makoti yetu tukaondoka.

Bwana Haigh aliisogeza ile keki pembeni, akaikunja leso yake pembe kwa pembe.

"Bwana Tordoff," akasema, "jambo la baba yako linarekebishika. Aje hapa, tuandike upya, benki iambiwe kwamba ataishi nanyi. Mambo ya namna hiyo nayaona kila mwezi. Kosa umefanya, lakini umelisema, na kazi yake ni barua mbili."

Russell akainua uso, umelowa, una tumaini kiasi kwamba sikuweza kuutazama.

"Kwa hiyo utatufanyia?"

"Hapana."

"Si umesema linarekebishika?"

"Nimesema."

"Sasa tatizo ni nini?"

"Hilo lako silo lililonifanya nikatae," akasema Bwana Haigh. "Nilikuwa silijui mpaka uliponiambia."

Russell alimtazama mzee, akalitazama jalada. Kisha akanigeukia mimi, polepole. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya wangu. Hakuutoa. Aliacha tu kuubana.

"Janine," akasema, "mimi nimeshasema langu."